Nyundo siyo spana

Wadau, leo siasa naiweka pembeni. Naomba tuongelee bolti.

Usicheke. Miyuji iko njia ya Arusha, na gari linalotengenezwa hapa kesho lina safari ya Kondoa au Babati, kwenye milima na miteremko. Bolti ya breki ikilegea huko, hakuna mheshimiwa atakayekuokoa.

Ninachokiona kwenye gereji zetu za chini ya mti ni hiki: bolti ikigoma, fundi anashika nyundo na patasi. Kichwa kinalika, bolti inakatika, mteja anaambiwa "ilikuwa imeoza hii". Haijaoza, imeshika kutu tu. Na tusidhani ukame wa Dodoma unatukinga. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na kule kwenye theluji barabara humwagiwa chumvi. Mengine yalipanda meli yakiwa na kutu tayari.

Dawa yake ni subira. Sugua meno kwa brashi ya waya, nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu, yaache yaingie, hata usiku kucha. Gonga kichwa taratibu. Tumia boksi ya pembe 6 inayokaa sawasawa. Kaza kidogo kwanza, ndipo ufungue, mbele na nyuma. Ikigoma bado, pasha nati moto itanuke, lakini mbali na mipira na mabomba ya petroli na breki.

Kufunga nako kuna utaalamu. Wengi wetu tunajua kukaza mpaka mkono uume. Kumbe ipo gundi maalumu ya meno ya bolti, aliyoibuni profesa Vernon Krieble wa Chuo cha Trinity, Marekani, mwaka 1953. Ndiyo hiyo Loctite. Ajabu yake, haigandi ikiwa kwenye hewa. Huganda ikibanwa kati ya chuma na chuma. Ya bluu hufunguka kwa spana ya kawaida. Nyekundu hudai moto wa nyuzi joto kama 250. Fundi asiyejua tofauti hiyo anamwachia mwenzake msiba. Tone moja au mawili yanatosha, kwenye meno yasiyo na mafuta, na pale tu kitabu cha gari kinaposema. Nati za magurudumu usizipake: hizo zinakazwa kwa kipimo, kisha zinakaguliwa tena baada ya kilomita chache.

Sasa hoja yangu. Tunawalaumu mafundi bure. Fundi akisema gari lilale mafuta yaingie, nani anakubali? Tunang'aka, "Nalitaka saa kumi!" Kisha tunahamia gereji ya jirani, kwa mwenye nyundo. Tunalipia haraka, tunapewa haraka.

Mimi nasema fundi anayeomba usiku mmoja alipwe na huo usiku. Gharama yake ni ndogo kuliko ya bolti iliyokatikia ndani ya injini, na ndogo mno kuliko ya breki iliyoachia mlimani.

Ni mtazamo wangu tu. Wewe fundi wako unampa muda?