Mnatuambia Turudi Shambani, Kisha Mwalimu Wetu Ni Muuza Dawa

Wasee, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Kila wiki kuna mheshimiwa mahali ameshika kipaza sauti anatuambia vijana tuwache kulia kazi hakuna, turudi shambani. Ukitoka hapo unaingia TikTok, unapata jamaa amesimama katikati ya kabeji na raba nyeupe safi, anakupigia hesabu: miche elfu kadhaa, kila kabeji hamsini, toa gharama, umeomoka. Hesabu iko sawa. Shida ni kabeji haijaisikia.

Mimi niliingia hiyo boksi. 2022, mimi na binamu yangu tulikodi robo ekari kule Mwea tukapanda nyanya. Pesa yangu ilikuwa ya kazi za video, yake ya bodaboda. Nyanya zikashika vizuri, zikaanza kuvimba, halafu chini zikawa nyeusi. Juu kijani kabisa, kitako kimeoza. Tukakimbia agroveti. Jamaa hakuuliza tunamwagilia maji vipi. Hakuuliza chochote. Akatupa dawa ya ukungu. Wiki iliyofuata akatupa nyingine, bei juu zaidi. Ya tatu ilikuwa busta.

Aliyekuja kutusaidia ni mama mmoja mwenye shamba la kando. Alisimama tu kwa mtaro akacheka. "Wanangu, huo si ugonjwa. Mnainyima maji siku nne halafu mnaifurikisha." Na ni kweli. Nyanya huoza kitako kwa sababu kalsiamu haifiki kwenye tunda, na mara nyingi chanzo ni maji ya kubahatisha, juu kalsiamu husafiri na maji ndani ya mmea. Kumbe tulikuwa tumenunua chupa tatu za kutibu kiu.

Sasa, sitaki kumrukia yule wa agroveti peke yake. Ni mfanyabiashara, anakula ukibeba chupa. Mimi namlaumu aliyemwachia kiti cha mwalimu. Wazee wetu wanakumbuka afisa wa kilimo akija na pikipiki, anaingia shambani, anageuza jani aone chini. Katiba ya 2010 ikapeleka kazi ya kilimo cha mimea kwa kaunti. Sawa. Lakini kaunti hupenda vitu vya kukatiwa utepe, na afisa wa kutembea kwa matope hana utepe.

Najua mtu atasema, "Lakini maelezo si yako mtandaoni?" Yako. KALRO wana miongozo ya mboga. Infonet-Biovision imejaa mbinu za kupambana na wadudu bila kemikali. Jarida la The Organic Farmer linachapishwa hapa Kenya tangu 2005. Ila hilo jarida letu ni la Kiingereza. Ndugu yake, Mkulima Mbunifu, ni la Kiswahili safi, na linatoka Arusha kwa ajili ya wakulima wa Tanzania. Yaani Mkenya akitaka kusoma kuhusu mboji kwa lugha ya taifa lake avuke Namanga? Na katiba ile ile ndiyo inasema Kiswahili ni lugha ya taifa! Ndio, kuna redio, na Shamba Shape Up iko na Kiswahili. Lakini kipindi kina siku yake, na Tuta absoluta anakula nyanya yako siku yoyote.

Huyo mdudu ebu tumwongelee. Asili yake ni Amerika Kusini, akafika Kenya 2014. Mtoto wake anajichimbia ndani ya jani, kwa hivyo ukinyunyiza juu juu unamwosha tu. Na anazoea dawa haraka sana. Ushauri ni ubadilishe aina ya kemikali, sio jina la chupa. Nenda agroveti sasa: chupa tatu, majina matatu, picha tatu za nyanya nyekundu, na ndani unaweza kupata kemikali ni ile ile. Mkulima anaenda nyumbani akijua amebadilisha dawa. Jina la kemikali liko kwa lebo, sikatai, lakini kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi.

Wewe uko Umoja unasema hauna shamba, haikuhusu? Hiyo lebo pia ina siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna. Mkulima ambaye hajaambiwa, ama ameambiwa lakini broka ameshafika na lori, anavuna kesho yake. Jioni ni sukuma yako. Na dawa zingine huingia ndani ya jani, usidhani maji ya mfereji yatazitoa.

Na nyinyi wa "oganiki" msicheke. "Changanya pilipili na kitunguu saumu, nyunyiza" bila kipimo sio mwongozo. Kumwaga samadi mbichi kwa mboga za saladi ni kumtafutia mteja ugonjwa wa tumbo. Kuna kiwango cha Afrika Mashariki tangu 2007, kuna alama ya Kilimohai, na kuna utaratibu wa wakulima kukaguana wenyewe kwa kikundi badala ya kulipa kampuni kubwa ya ukaguzi. Lakini ukimuuliza mwenye bango la oganiki sokoni anakuambia, "Hii ni ya shamba." Kila kitu ni cha shamba, buda.

Ninachodai ni kidogo. Karatasi moja kwa kila mboga, kwa Kiswahili, picha ya jani lenye ugonjwa na kando yake picha ya mmea wenye kiu, ibandikwe mlangoni mwa kila agroveti. Na siku ya soko, afisa na meza, watu walete majani yao. Si ndoto: kliniki za mimea za Plantwise zimefanya hivyo hapa hapa Kenya, unaleta sampuli unaandikiwa cha kufanya.

Na sisi wa kontenti tuache kuficha hasara. Wiki hii naweka video ya nyanya zetu, kitako cheusi na yote, na risiti za zile chupa tatu. Binamu amekataa nisionyeshe sura yake. Kama una mmea umekushinda, piga picha ya jani pande zote mbili na useme unamwagilia mara ngapi. Yule mama wa Mwea amekubali kuziangalia, lakini ni baada ya saa kumi na mbili jioni, akishafunga maji.