Dakika 50 za nani?

Ukiuliza simu yako Kericho hadi Nairobi kwa ndege ni muda gani, itakujibu chapchap: kama dakika 50. Hiyo ni Kisumu, boss. Si kwetu.

Kutoka JKIA hadi Kisumu, mstari ulionyooka ni kama kilomita 280. Dash 8 za Jambojet, zile za mapanga, zikishashika kasi zinakata zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Kwa hiyo mwendo wenyewe haufiki nusu saa. Dakika zingine zote ni kutambaa uwanjani, kupanda, kushuka na kungoja zamu. Niliacha chuo, lakini kugawanya bado najua.

Sasa chora huo mstari kwenye ramani. Unapita karibu kabisa juu ya Kericho tauni! Robo tatu ya safari imeisha, mashamba ya chai yako chini yako, halafu ndege inakuvusha kwenu, inaenda kama kilomita 70 zaidi, ndiyo ushuke uanze kurudi na matatu: Ahero, Awasi, Kapsoit. Kiwanja cha Kerenga tunacho, lakini wengi wetu tukitaka ndege tunakimbilia Kisumu au Eldoret.

Piga hesabu ya mlango kwa mlango. Nyumbani hadi uwanja wa Kisumu, weka saa mbili. Kufika mapema, saa moja. Dakika 50 hewani. Kungoja begi na kutoka JKIA hadi katikati ya jiji, saa moja na nusu kama jam imekuonea huruma. Ni zaidi ya saa tano, na matatu ya moja kwa moja inachukua karibu hizo hizo kwa pesa kidogo sana. Mtu wa Bomet ndiyo kabisa: Nairobi iko upande wa Narok, na wewe unaipa mgongo ukafuate ndege Kisumu. Hiyo ni ya picha tu, tusidanganyane.

Lakini kuna watu siwezi kuwacheka. Kuna familia zinachanga tiketi ya kogo si kwa sababu ya dakika, ni kwa sababu ya barabara. Fort Ternan, Oktoba 2018, basi moja, zaidi ya watu 50. Londiani Junction, 30 Juni 2023, lori likaingia kwa wachuuzi na magari, tena zaidi ya 50. Wengine walikuwa wamesimama tu wakiuza mboga. Hao hata tiketi ya ndege haingewasaidia, kwa sababu hawakuwa wanaenda popote.

Ndiyo maana wanasiasa wakianza hadithi ya uwanja mkubwa wa ndege Kericho, mimi sishangilii bado. Ile barabara pana ya kutoka Rironi inaishia Mau Summit. Londiani Junction iko mbele yake, upande wetu. Kwa hiyo utateleza vizuri kutoka Nairobi, halafu kipande kinachotuua kinakungoja kama kawaida.

Wewe wa Litein, Sotik, Longisa: ukichagua ndege, unakimbia masaa au unakimbia barabara? Na ile siku ya kurudi kutoka Kisumu, si unapanda matatu tu?