Jazi si ngoma yetu iliyopanda meli

Mitihani imekaba na boom ndio limeshaisha, lakini hili limenikaa kooni wiki nzima, bora niliteme.

Tulikuwa kwenye kimbweta tunaandaa somo la mfano: jinsi ya kuwafundisha wanafunzi wa sekondari chimbuko la muziki wa jazi na ulivyokua. Mshikaji mmoja akasema, "Hiyo rahisi bwana. Waambie jazi ni ngoma zetu, zilipanda meli na watumwa, basi." Grupu zima likakubali. Mimi nikagoma, na bado nimegoma.

Sisemi Afrika haimo. Imo tena sana. Mmoja anaanzisha wengine wanaitikia, midundo miwili mitatu inapishana kwa wakati mmoja, haya mwanafunzi yeyote aliyecheza ngoma kijijini anayajua. Lakini ukiishia hapo umemnyima sehemu nzito kuliko zote: wale watu walipofika huko walifanya nini?

Tuanze na ngoma zenyewe. South Carolina, baada ya maasi ya watumwa ya 1739, sheria ya 1740 iliwapiga marufuku kupiga ngoma. New Orleans mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mji ule ulipita mikononi mwa Wafaransa na Wahispania kabla Marekani haijaununua 1803, na Jumapili watumwa walikuwa wanakusanyika, wanauza vitu vyao, wanapiga na kucheza. Mwaka 1817 utawala wa mji ukawabana: mikusanyiko iwe sehemu moja tu. Uwanja huo ndio ukaja kujulikana kama Congo Square. Yaani ngoma ilibaki hai, ila siku moja kwa wiki, tena kwa kibali.

Sasa angalia, jazi haikutoka pale uwanjani moja kwa moja. Utumwa ulifutwa 1865, na jazi imeanza kusikika karibu miaka thelathini baadaye. Katikati hapo kuna nyimbo za kazi, nyimbo za kanisani, bluzi, ragtaimu ya akina Scott Joplin, na bendi za matarumbeta zilizopiga kwenye gwaride na mazishi. Piano na tarumbeta vilitoka Ulaya. Waliovichanganya vyote hivyo, kama Buddy Bolden, walizaliwa Marekani na Afrika hawajawahi kuiona. Ukisema "ni ngoma yetu tu", unawafuta hao hao unaodhani unawasifu.

Na kufutwa wameshafutwa vya kutosha. Bolden alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili 1907, akafia huko 1931, na hakuna hata rekodi yake moja tunayoweza kuisikia leo. Rekodi ya kwanza ya jazi kuuzwa ilitoka 1917, na waliopiga walikuwa Wazungu, Original Dixieland Jass Band. Duke Ellington alipoanza kupiga Cotton Club pale New York mwaka 1927, jukwaani walikuwa weusi, mezani weupe. Mpe mwanafunzi hayo halafu muulize: jazi ni ya nani? Darasa litawaka moto, hakuna atakayesinzia.

Kisha mpigie Louis Armstrong, mtoto wa New Orleans aliyehamia Chicago 1922. Kwenye rekodi zake za kuanzia 1925 mtu mmoja anachukua wimbo na kuubunia papo hapo mpaka unakuwa wake. Baadaye, miaka ya 1940, akina Charlie Parker na Dizzy Gillespie wakaufanya muziki wa kukaa na kusikiliza, sio wa kucheza tu. Asikie kwanza, madesa baadaye.

Wengine watasema, mbona huku kwetu tulikuwa na Morogoro Jazz, Tabora Jazz, na OK Jazz iliyoanza Kinshasa (enzi hizo Léopoldville) mwaka 1956? Ndiyo, lakini sikiliza kilichopigwa: dansi letu na rumba, yenye damu nyingi ya Cuba. Jina lilisafiri, sisi tukalijaza vya kwetu. Sasa akitokea Mmarekani akasema Mbaraka Mwinshehe ni jazi ya kwao iliyopanda meli, si tutamshukia jamani? Basi na wale wa New Orleans wanastahili heshima hiyo hiyo.

Mwalimu anayefundisha kwa kujisifia anapigiwa makofi, ila darasa linatoka halijajua kitu. Mtumwa hakuwa mzigo uliobeba ngoma kutoka hapa kwenda kule. Alikuwa mtu, na watoto na wajukuu zake wakatengeneza kitu ambacho hakikuwepo Afrika wala Ulaya. Mimi somo langu nitalifundisha hivyo, hata grupu likininunia.

Nawakilisha.