AFYA YA NYUMBANI: Njia Panda Iliyo Kooni

Wazazi na walimu, tumezoea kusema habari ya tumbo peke yake, na habari ya mapafu peke yake. Mwezi huu yatupasa kusema habari ya mahali ambapo njia zao hukutana, yaani koo. Ni mahali padogo, lakini watu wengi, hasa watoto, wamekufa kwa kuzibwa hapo. Na baadhi yao wangaliokoka, kama aliyekuwa karibu angalijua la kufanya.

Chini ya koo mna njia mbili. Ya mbele ni njia ya pumzi, iendayo mapafuni. Ya nyuma ni umio, uendao tumboni. Njia ya pumzi ina pete za gegedu zinazoishikilia wazi, maana hatuwezi kukaa bila hewa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hata 20 kwa dakika moja. Umio hauna pete hizo. Hulala bapa mpaka tonge lije, ndipo misuli yake hulisukuma kidogo kidogo hata lifike tumboni.

Basi, ni nini kizuiacho wali usiingie mapafuni? Weka kidole juu ya kongomeo lako, kisha umeze mate. Utaona kwamba kongomeo hupanda, kisha hurudi mahali pake. Lipandapo, kifuniko kidogo kiitwacho kidaka tonge huinama na kuufunika mlango wa njia ya pumzi, na pumzi husimama kitambo kidogo hata tonge lipite. Kazi hiyo twaifanya kila siku pasipo kuifikiri.

Lakini mtu akicheka au kusema hali ana chakula kinywani, huvuta pumzi wakati mlango ulipopaswa kufungwa. Hapo hupaliwa, naye hukohoa. Kikohozi hicho ni mlinzi mwema. Maadamu akohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Msimpe maji, wala msimtie kidole kooni.

Aliyesakamwa ni mwingine. Huyu hawezi kusema wala kukohoa kwa sauti. Hushika koo, na midomo yake hugeuka rangi. Ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika chache tu, kwa hiyo hakuna nafasi ya kungoja. Mwinamisheni mbele, mkampige mara 5 kati ya mabega kwa sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo cha mkono. Lisipotoka, simama nyuma yake, umzungushie mikono, uweke ngumi kati ya kitovu na kifua, uvute kwa nguvu ndani na juu mara 5. Hewa iliyomo mapafuni husukumwa na kulitoa tonge kama kizibo. Njia hii ilitangazwa mwaka 1974 na daktari wa Marekani, Henry Heimlich. Rudieni mambo hayo mawili kwa zamu hata kitu kitoke. Mama mjamzito asukumwe kifua, si tumbo.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiminywe tumbo kamwe, kwa maana ini lake laweza kuumia. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mgongoni mara 5. Kisha mgeuze, umsukume katikati ya kifua mara 5. Mtu yeyote akizimia, mlazeni chali, mwiteni msaada, mkaanze kumkandamiza kifua bila kukawia.

Tena jihadharini na kitu kilichopita mlango bila kuziba. Daktari Chevalier Jackson wa Marekani, aliyefariki mwaka 1958, alitoa vitu zaidi ya 2,000 katika makoo na mapafu ya watu: pini, vifungo, sarafu, njugu. Vitu vingi viingiavyo mapafuni hushuka upande wa kuume, kwa sababu njia ya upande huo ni pana na imenyoka zaidi. Mtoto hupaliwa, hukohoa, kisha hutulia, nasi twadhani amepona. Baada ya siku kadhaa huja homa na pumzi ya kukoroma. Mpelekeni hospitali, mkaeleze ya kwamba alipaliwa. Njugu nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka 5, zisagwe.

Wako walezi wamlazao mtoto chali na kumbana pua ili ameze uji. Mtoto huyo analia na kutafuta hewa kwa kinywa; akivuta pumzi, uji hufuata pumzi. Mtoto alishwe ameketi, polepole, na akikataa aachwe apumzike. Vivyo hivyo, mtu aliyezimia au aliyeshikwa na kifafa asitiwe maji kinywani, maana kidaka tonge chake hakiwezi kumlinda.

La mwisho ni mafuta ya taa. Mtoto akiyanywa, wengi hufanya haraka kumtapisha, au humnywesha maziwa ili atapike. Msifanye hivyo! Mafuta hayo hudhuru mapafu kuliko tumbo. Yalipoteremka yalipita njia panda mara moja; akitapika yatapita tena, na hata kiasi kidogo kikiingia mapafuni huleta homa ya mapafu. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa sabuni, mkampeleke hospitali hata kama aonekana mzima, kwa kuwa taabu ya kupumua yaweza kutokea baada ya saa kadhaa. Wala msiyaweke mafuta katika chupa ya soda, ambayo mtoto aijua kuwa ni ya kinywaji.

Walimu, wafundisheni wanafunzi wakubwa mambo haya darasani. Mapigo ya mgongo na mahali pa kuweka ngumi wajifunze kwa mto au gunia dogo, wala wasimvute kwa nguvu mwenzao aliye mzima, wasije wakamwumiza. Kila nyumba iwe na mtu mmoja ajuaye kazi hii, kwa kuwa siku ya kusakamwa msaada hutoka kwa yule aliyeketi karibu na sahani.