Linux: Unaandika ‘man’, lakini programu ipi inajibu?

Unaandika “man ls” kwenye tamino, mwongozo unafunguka. Wengi wanaishia hapo, na si kosa lao. Amri ni moja, ila nyuma yake kuna programu mbili zinazogombea kazi hiyo: man-db na mandoc.

Ukiwa na Ubuntu, Debian au Fedora, unatumia man-db. Hii ndiyo kongwe. Ilianza miaka ya 1990, na tangu 2001 inatunzwa na Colin Watson. Yenyewe haipangi maandishi ya ukurasa, kazi hiyo inaipa programu nyingine iitwayo groff.

Mandoc ilianzishwa na Kristaps Dzonsons mwaka 2008 na ikakulia OpenBSD. Inafanya kila kitu peke yake bila groff, hivyo ni ndogo na inafungua kurasa haraka. Alpine na Void zimeichagua. Hata Apple, ilipotoa macOS Ventura mwaka 2022, iliachana na groff ikahamia mandoc.

Na kama una Termux kwenye simu ya Android, man unayoitumia hapo ni mandoc. Ina mantiki. Kwenye simu kila megabaiti ina thamani, na mwongozo uliomo ndani ya simu unasomeka hata bando likiisha.

Je, man-db imepitwa? Hapana, ila ina kero moja maarufu. Ukisakinisha programu kwenye Ubuntu, mwishoni unaona ujumbe unaotaja man-db, kisha unasubiri. Hapo inasasisha faharasa yake ili utafutaji wa “man -k” ufanye kazi. Kwenye kompyuta mpya huoni kitu. Kwenye laptop ya zamani yenye diski ya kuzunguka, utaenda kuchemsha chai urudi.

Usasishaji huo unaweza kuzimwa bila kuing’oa man-db. Gharama yake ni kwamba “man -k” haitajua kurasa mpya mpaka faharasa isasishwe baadaye, kwa mfano kwa kuendesha mandb. Kwa mtu ambaye hatumii kabisa utafutaji huo, hajapoteza kitu.

Mashabiki wa mandoc hujivunia utafutaji pia: unaweza kuuliza ni ukurasa upi unaotaja chaguo fulani au kigezo fulani cha mazingira. Ni kweli, lakini kuna mtego. Uwezo huo unategemea kurasa zilizoandikwa kwa mtindo wa mdoc, ambao umeenea kwenye BSD. Kurasa nyingi za Linux zimeandikwa kwa mtindo wa zamani, man. Kwa hiyo sifa kubwa ya mandoc ndiyo ambayo mtumiaji wa Linux anafaidi kidogo zaidi.

Kuna pia kurasa chache zenye maagizo mazito ya roff ambazo groff inazipanga vizuri kuliko mandoc. Man-db nayo ina nguvu kwenye lugha: mfumo ukiwa wa Kifaransa, na tafsiri ipo, inakupa Kifaransa.

Wanaoanza Alpine wajihadhari na jambo moja. Kurasa za mwongozo huja kwenye pakiti za pembeni zinazoishia na “-doc”. Ukikuta ukurasa haupo, usiilaumu mandoc.

Kwa kifupi, mwenye Ubuntu au Fedora abaki na man-db, na kama kusubiri kunamkera, azime usasishaji tu. Mandoc inafaa seva ndogo, kontena na simu. Kwenye Arch zote zipo, lakini unaweka moja, kwa sababu zinagombania jina lilelile.

Man-db iliwahi pia kuwa na utani wake. Ukiiita kwa namna fulani saa 6:30 usiku, iliandika “gimme gimme gimme”, heshima kwa wimbo wa ABBA. Mwaka 2017 utani huo ulivuruga majaribio ya programu ya mtu fulani, Watson akauondoa.