Shefu si mume wa wafanyakazi: msimamo wetu toka Niemba

Vijana wenzetu wa Niemba, wa Kalemie, wa Nyunzu na Kabalo, na ninyi wote mnaotufuata toka Lubumbashi, Bukavu, Goma na mbali zaidi,

Tunaandika juu ya jambo ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna anayelisema mchana.

Kuna dada mmoja hapa kwetu. Hatutaji jina lake, hatutaji mahali anapofanya, wala hatusemi ni kazi gani, kwa sababu Niemba ni ndogo: ukitaja kazi, umemtaja mtu. Mkubwa wake wa kazi anamtaka. Ilianza kwa maneno matamu: leo umependeza, mrembo, ukae karibu. Zikaja mesaji za usiku. Ikaja kuitwa biro saa wengine wanafunga mifuko yao. Na alipokataa, likaja lile neno ambalo mabinti wengi wa nchi hii wanalijua kwa moyo: "Kontra yako inaisha mwezi ujao. Fikiri vizuri."

Sasa sikilizeni wenzake wa kazi walifanya nini. Mmoja alimwambia: "Wee dada, vumilia tu, ule ni shefu." Mwingine alicheka. Mwingine akaanza kukaa mbali naye, eti asije akahesabiwa pamoja naye. Mama mmoja tu ndiye aliyefanya kitu. Kila jioni shefu anapomwita dada, yule mama naye anakumbuka kwamba kazi yake haijaisha. Anabakia. Anahamisha viti, anapanga karatasi, anapiga kelele na ndoo, mpaka dada atoke. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Hakusema hata neno moja.

Tumekasirika juu ya shefu, ndiyo. Lakini leo hasira yetu kubwa ni juu ya wale wengine. Na tukisema kweli, ni juu yetu pia, maana wengi wetu tumekwisha kukaa kwenye kiti kile cha mtu anayeona na kuangalia chini.

Kwanza tuite kitu kwa jina lake. Hiyo si mapenzi. Hiyo si "kumutongoza" kama vijana wanavyotongozana sokoni. Mtu anayekutongoza sokoni, ukimkataa unaendelea na njia yako, na jioni unakula chakula chako. Mtu anayeshika kontra yako, ukimkataa, anashika sahani ya watoto wako. Hapo hakuna ndiyo wala hapana ya kweli. Kuna njaa upande mmoja na saini upande mwingine.

Na nchi yetu imekwisha kuandika jambo hili kwenye sheria. Tarehe 20 Julai 2006 Congo ilibadilisha Kitabu cha Adhabu kwa sheria namba 06/018. Kifungu cha 174d kinasema juu ya mtu anayemsumbua mwingine kwa maneno, kwa ishara, kwa amri, kwa vitisho, au kwa kutumia mamlaka ya kazi yake vibaya, ili apate mambo ya mwili. Adhabu ni kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 12, na faini ya franka 50.000 hadi 100.000, au moja ya adhabu hizo. Miaka 12! Na bado kuna wazee kwenye senta wanasema hayo ni mambo ya wanaume, yatapita.

Sheria ya kazi nayo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inahesabu usumbufu wa namna hiyo kuwa kosa kubwa. Inasema pia kwamba kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfukuza mtu. Akifukuzwa bila sababu halali, tribinali inaweza kuamuru arudishwe kazini, au alipwe fidia inayoweza kufika mishahara ya miezi 36. Basi yule anayemwambia dada "ukisema, utapoteza kazi, na hakuna atakayekusaidia" anasema uongo nusu. Kazi anaweza kuipoteza, ndiyo, tunajua nchi tunayoishi. Lakini si kweli kwamba sheria haina neno.

Wengine watasema: hayo mnakuza, ni hadithi ya shefu mmoja wa Niemba. Twende basi Beni.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini. Ilidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020, ikaua watu 2.287. Feza zikaingia, magari yakaingia, na kazi nazo zikaingia: kupika, kusafisha, kuhamasisha watu kwenye karte. Kontra fupi fupi, mshahara wa dola 50 hadi 100 kwa mwezi. Mwezi wa 9, mwaka 2020, waandishi wa habari wa The New Humanitarian na wa Thomson Reuters Foundation wakatoa sauti za wanawake 51 wa Beni. Wanawake wale walisema kwamba wanaume waliojiita wafanyakazi wa mashirika ya msaada, wengi wao wa Shirika la Afya Ulimwenguni, walitaka mwili kwanza ndipo watoe kazi, au walitaka mwili ili kontra isikatike.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 28 Septemba 2021, tume huru iliyoongozwa na mama Aïchatou Mindaoudou wa Niger na mama yetu Julienne Lusenge wa Congo ilitoa ripoti. Watuhumiwa 83. Kati yao 21 walikuwa wa Shirika la Afya Ulimwenguni. Tuhuma 9 za ubakaji. Mkubwa wa shirika lile akaomba msamaha mbele ya dunia. Halafu? Mwaka 2023 ikajulikana kwamba wanawake 104 hivi walikuwa wamelipwa dola 250 kila mmoja. Dola 250, vijana. Hesabuni ninyi wenyewe.

Tunawaulizeni swali moja tu kuhusu Beni. Watuhumiwa 83 hawakufanya kazi gizani. Walikuwa na madereva. Walikuwa na makarani, walinzi, wakubwa wa ekipe, watu wa kuandika majina kwenye lisiti. Ni watu wangapi waliona mlango unafungwa? Ni wangapi walibeba ujumbe: "shefu anakuomba upitie hoteli"? Uchafu wa namna hii hauhitaji watu wabaya wengi. Unahitaji mbaya mmoja mwenye saini, na watu wazuri kumi wanaoogopa.

Na hapa Tanganyika hali inafanana kuliko tunavyotaka kukubali. Toka vita kati ya Waluba na Watwa vilipozidi mwaka 2016, watu wamekimbia vijiji vyao, mashirika yamekuja, miradi imekuja, na kazi ndogo ndogo zimekuja nayo. Kwa dada aliyepoteza shamba na nyumba, kazi ya miezi mitatu ndiyo kila kitu. Shefu anajua. Ndiyo maana hamfuati mwenye baba tajiri. Anamfuata yule anayelisha watu sita.

Sasa tujibu maneno tunayosikia kila siku.

"Anavaa vibaya." Dada wa habari hii anavaa kitambaa kama mama zenu. Na hata angevaa vingine, sheria namba 06/018 haina kifungu cha nguo.

"Anamchafulia mzee jina." Mzee mwenyewe ndiye aliyeandika mesaji zile saa tano za usiku. Jina lake alilichafua kwa kidole chake.

"Pengine anadanganya." Inawezekana mtu kudanganya, hatukatai. Ndiyo maana kuna uchunguzi, kuna ushahidi, kuna tribinali, na mshtakiwa ana haki ya kujitetea. Lakini ninyi mnaosema "pengine" hamtaki uchunguzi. Mnataka anyamaze. Hayo ni mambo mawili tofauti.

"Tumalize kifamilia." Hapana. Hili tunalikataa kwa nguvu. Tunajua vile inavyokwenda: wazee wanakaa, mbuzi mmoja, kreti mbili za bia, franka kidogo kwa baba wa msichana, na kesho yake dada anarudi biro ileile, kwa shefu yuleyule. Sheria namba 06/019, ya tarehe ileile 20 Julai 2006, inakataza polisi kumaliza makosa ya ngono kwa faini ya kupatana. OPJ anayesema "leteni kitu kidogo tumalize" anavunja sheria mbele yenu.

Basi mwenzake wa kazi afanye nini? Tunaandika kwa wale wanaotaka kusaidia na hawajui waanzie wapi.

Mwamini kwanza, na umwambie hivyo. "Nimekusikia, si kosa lako." Usianze kwa kumuuliza alivaa nini au alikwenda biro kufanya nini. Alikwenda kwa sababu aliitwa na mkubwa wake.

Usimwache peke yake naye. Fanyeni kama yule mama. Shefu anapoita jioni, ingieni wawili. Anapotaka kusafiri naye kwenda kwenye kijiji, ombeni kuwemo. Hakuna sheria inayokataza kuwa na kazi isiyoisha.

Andikeni. Siku, saa, mahali, neno lililosemwa, nani alikuwepo. Kwenye kaye ya kawaida, kwa mwandiko wako. Mesaji zisifutwe hata kama zinatia haya. Zipigwe picha, na picha zitunzwe kwa telefone ya pili. Wewe uliyeona, andika ulichoona kwa macho yako, si ulichosikia kwa majirani.

Mwacheni aamue mwenyewe. Kwa kosa hili mashtaka yanafunguliwa kwa malalamiko ya aliyetendewa. Si sisi, si kaka yake, si mchungaji. Kazi yetu ni kufanya njia iwe fupi: kumsindikiza kwa OPJ au parke, kumtafutia avoka, kutafuta feza ya pikipiki mpaka Kalemie, kubaki na watoto siku anayokwenda kusema. Na akisema bado hayuko tayari, tunabaki naye vilevile.

Kama amekwisha kubakwa, hapo hakuna kungoja. Hospitali kwanza, mbele ya masaa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Karatasi ya daktari itasaidia pia baadaye. Sheria inataka OPJ amjulishe mwendesha mashtaka kwa muda wa masaa 24, na hukumu itoke ndani ya miezi mitatu. Tukiona faili linalala, tutakwenda kulala nalo mlangoni.

Na ninyi wa telefone, tunawaombeni kitu kimoja: msitoe jina lake. Msitoe picha yake. Msitoe hata "ni yule wa karibu na gare". Kuna watu wanajiita watetezi, na wanachokitafuta ni "likes" tu. Wanamvua nguo dada mara ya pili. Jina la shefu nalo litasemwa mahali linapostahili kusemwa, mbele ya hakimu.

Kwa wakubwa wa kazi wote wa Niemba na Kalemie, wa serikali, wa mashirika, wa kampuni za barabara, wa dini, tunadai mambo manne.

Moja: kontra zisipewe wala zisikatwe na mtu mmoja peke yake kwenye biro iliyofungwa. Majina yabandikwe ukutani, na sababu ziandikwe.

Mbili: mfanyakazi wa siku aliyefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria ya kazi inamhesabu kuwa na kontra isiyo na mwisho. Heshimuni hilo. Kontra ya siku ndiyo fimbo ya shefu mchafu, na ninyi ndio mnaompa.

Tatu: kuwe na mwanamke, asiye chini ya shefu huyo, wa kupokea malalamiko. Sanduku la karatasi ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mshtakiwa si sanduku.

Nne: malalamiko yakifika, anayehamishwa wakati wa uchunguzi asiwe dada. Tumechoka kuona mwenye kusumbuliwa anapelekwa mbali na mwenye kusumbua anabaki na kiti.

Kwa inspekta wa kazi tunasema: njoo huku kwenye reli pia. Sheria haiishii Kalemie mjini.

Wazee wetu wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mmekuwa mkilitumia neno hilo kwa kulima, kwa kujenga kanisa, kwa kuzika. Litumieni na hapa. Kama wafanyakazi wote wa biro ile wangebakia jioni moja tu pamoja na yule mama, shefu angekuwa na nani wa kumwita?

Dada, wewe unayesoma na unajijua: hatutakuuliza kwa nini ulichelewa kusema. Siku utakayotaka kwenda, tuambie saa. Tutakuwa wengi barabarani.

Na ninyi wenzake: kesho, saa ya kutoka, msifunge mifuko haraka.

Vijana wa Niemba