Dirisha la Newala si dirisha la Masasi



Natoa maoni yangu juu ya jambo lililoenea sana huku kwetu Masasi na Newala. Jambo hilo ni mtindo wa kung'oa madirisha ya mbao na kuweka ya alumini na vioo kila fedha za korosho zinapoingia.

Silaumu wananchi kutengeneza nyumba zao. Mkulima ana haki ya kuyaona matunda ya jasho lake. Katika minada ya Oktoba 2024 bei ya korosho ghafi ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mwenye kilo 500 alihesabu shilingi 2,000,000 kabla ya makato. Lakini wote twakumbuka msimu wa 2018, wakulima walipozikataa bei za wanunuzi mpaka Serikali ikaamua kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Fedha ya korosho haina ahadi. Ikija, yafaa ifanye kazi ya miaka mingi. Ndiyo maana nauliza: je, dirisha jipya linampa nini mtu anayelala ndani ya nyumba hiyo?

Kwanza tutazame kazi ya dirisha. Dirisha huleta mwanga, huingiza hewa, hutoa joto na moshi, na huzuia mvua, mwizi na mbu. Dirisha la mbao huingiza hewa vizuri likiwa wazi, lakini likifungwa nyumba yote huwa giza. La kioo huleta mwanga hata likifungwa. Hapo kioo kinashinda, wala hakuna ubishi.

Lakini tutazame na upande wa pili. Madirisha mengi yanayowekwa siku hizi ni yale ya kusukuma, kioo kimoja kikipita nyuma ya kingine. Dirisha la namna hiyo haliwezi kufunguka zaidi ya nusu. Tundu la mita 1.2 kwa mita 1.2 lina eneo la mita za mraba 1.44. Likiwa na mbao za kufungua nje, lote ni njia ya hewa. Likiwekwa vioo viwili vya kusukuma, njia inabaki mita za mraba 0.72. Ukiongeza wavu wa mbu, hewa inapungua tena. Mwenye nyumba amelipa zaidi, naye amepata nusu ya upepo aliokuwa nao.

Hali kadhalika kioo kina tabia yake. Mwanga wa jua hupenya, ukigonga sakafu na ukuta hugeuka joto, na joto hilo halitoki upesi kupitia kioo kilichofungwa. Huko Ulaya watu hubadilisha madirisha na kuweka vioo viwili viwili ili joto la ndani lisiwatoroke wakati wa baridi, wapunguze gharama ya kuipasha moto nyumba. Wanafanya sawa kwa nchi yao. Sisi shida yetu kwa sehemu kubwa ya mwaka ni kulitoa joto nje.

Hapa ndipo penye hoja yangu, kwamba Masasi na Newala si mahali pamoja. Newala iko juu ya nyanda za Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma liko chini kabisa. Mwezi wa Juni na Julai upepo wa kusi huvuma kwa baridi, na watu hufunga madirisha hata mchana. Nyumba ya dirisha la mbao huwa giza, na mtoto hushindwa kusoma daftari lake saa tisa alasiri. Kwa nyumba ya namna hiyo kioo ni msaada wa kweli, kwani kinazuia baridi na kuacha mwanga uingie bila kuwasha taa.

Masasi iko chini, mamia ya mita chini ya Newala, katikati ya majabali ambayo hushika joto la jua mchana kutwa. Mwishoni mwa Oktoba jua huku kwetu hupita utosini, na hupita tena hivyo mwezi wa Februari. Nyumba ya bati isiyo na dari, yenye vioo vya kufunguka nusu, usiku wake haulaliki. Ndipo watu hutoka kulala barazani bila chandarua, au hununua feni.

Feni nayo ina hesabu yake. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 kila usiku inakula uniti 18 kwa mwezi. Zikiwa mbili ni uniti 36. Mteja mdogo wa umeme anayetaka kubaki katika bei ya chini hatakiwi kuzidi uniti 75 kwa mwezi. Maana yake, karibu nusu ya haki yake imeliwa na joto ambalo dirisha zuri lingelipunguza bure. Tumeunganishiwa umeme vijijini kwa shilingi 27,000 tu, na twaushukuru mpango huo. Lakini umeme huo tuliutaka kwa taa, mashine za kusaga na kazi za maendeleo, si kwa kupambana na nyumba tuliyoijenga wenyewe.

Tena kuna suala la mbu. Wengi tunaamini nyumba iliyofungwa sana ndiyo salama. Wataalamu waliojenga nyumba za majaribio huko Gambia waliona kwamba kuziba mwanya chini ya paa la bati huongeza joto ndani. Walipoongeza matundu makubwa yenye wavu, joto lilipungua na mbu pia wakapungua. Sababu ni kwamba mbu huifuata pumzi ya watu waliolala. Hewa ikipita vizuri, pumzi hiyo hutawanyika, na mbu hapati njia ya kuifuata.

Wala si lazima twende Gambia. Katika vijiji vya Mkoa wetu wa Mtwara zimejengwa nyumba 110 za utafiti, zikagawiwa kwa familia kwa bahati nasibu. Vyumba vya kulala viko juu, kuta zake zina wavu unaopitisha upepo, jiko limetengenezwa kupunguza moshi, na maji ya mvua yanavunwa kutoka kwenye paa. Sisemi kila mtu ajenge ghorofa. Nasema waliozichora nyumba hizo walianza kwa kuuliza hewa itapita wapi, na swali hilo halina gharama.

Nakuja sasa kwenye thamani, maana wenzangu wengi husema dirisha la kioo linapandisha bei ya nyumba. Mjini Masasi au Newala, ambako watumishi hupanga, jambo hilo ni kweli kwa kiasi fulani. Mpangaji huvutwa na sura ya nyumba. Lakini mpangaji huyo akipita Novemba moja humo ndani, atahama au ataomba apunguziwe kodi. Kijijini ndiyo kabisa, kwani nyumba hazinunuliwi kila siku. Nyumba ya kijijini ni ya kuishi na kurithisha. Thamani yake ni watoto kulala bila homa, mama kupika bila kukohoa, na mgeni kukaa ndani bila kujipepea kwa kanga.

Kwa hiyo basi, kwa maoni yangu, mwenye fedha kidogo afuate utaratibu huu. La kwanza ni paa, kwa sababu joto kubwa huingia kupitia bati. Aweke dari, na aache matundu yenye wavu juu ya ukuta ili hewa ya moto itoke. La pili, kila chumba kiwe na matundu mawili, na ikiwezekana yaelekeane, maana upepo hauingii pasipo na pa kutokea. La tatu, madirisha makubwa yawe upande wa kaskazini na kusini, ambako upenu mfupi unatosha kuyatia kivuli. Upande wa mashariki na magharibi jua huingia chini ya upenu, hivyo matundu yawe madogo. La nne ni wavu wa mbu pamoja na nondo, kwani dirisha linalofungwa kila usiku kwa hofu ya mwizi si dirisha tena. Kioo kije mwisho. Nacho kikija, kiwe cha kufunguka chote, ama kwa bawaba, ama kwa vile vipande vinavyopangwa kama magamba ya samaki.

Wala jiko lisisahauliwe. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Hilo ni jema. Lakini mpaka siku hiyo ifike kuni zitaendelea kuwaka, na nyumba nyingi zinawekewa kioo sebuleni huku jiko likiwa na kitundu cha kupitisha mkono. Ajabu ni kwamba sebuleni hukaa mgeni kwa saa moja, na jikoni hukaa mama na mtoto mgongoni kila siku.

Naziomba Halmashauri zetu za Masasi na Newala ziwaagize wahandisi wao watoe michoro rahisi ya nyumba, mmoja wa nyanda za juu na mmoja wa chini, ibandikwe kwenye ofisi za vijiji. Vyama vya msingi viitumie mikutano ya wakulima kabla ya minada, wakati fedha haijafika mkononi. Vyuo vya ufundi navyo viwafundishe mafundi vijana kumwuliza mteja upepo unatoka wapi, kabla ya kumwuliza anataka rangi gani ya alumini.

Nawaomba na wananchi wenzangu, kabla hujang'oa dirisha la mbao la mninga ambalo bado ni zima, ukae ndani ya chumba hicho saa nane mchana mwezi wa Oktoba. Kama kuna joto, tazama juu kwenye bati kwanza. Kama ni giza na baridi, weka kioo, na uanze na chumba anachosomea mtoto.



Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Newala, Mtwara.